Nondo Aliyelia Karibu na Chiriku

Jumapili, 7 Septemba
Nondo ana sauti! Nimefuga nyuki miaka yote hii hapa Blida, sijapata kusikia kitu kama hiki. Nimemkuta mzingani, kipepeo wa usiku mnene kama kidole gumba, alama ya fuvu la mtu mgongoni. Anafyonza asali na nyuki wanamwacha tu. Nilipomshika akalia kama panya. Nimemtia kwenye chupa ili Baba akirudi kutoka Medea amwone. Nimeiweka stoo, gizani, karibu na matundu ya chiriku wake wawili, ndege wake wa kuimba.

Jumatano, 10 Septemba
Kaka yangu Merzak, kila akiingia kulisha ndege, anagonga chupa ili nondo alie. Anacheka peke yake. "Hebu walinganishe, dada. Chiriku uso mwekundu, bawa la dhahabu, anakula mbegu zake kwa adabu. Huyu mwizi wa asali, na bado anataka kuimba!"

Jumamosi, 13 Septemba
Chiriku mzee amekufa. Baba amerudi na kumkuta chini ya tundu. Alikaa sakafuni, hata viatu hakuvua. Wimbo wake ulianza kwa ndege wa babu, ukapita ndege hadi ndege, mdogo akimwiga mkubwa. Sasa umebaki kwa mdogo tu — yule anayefunikwa kitambaa asije akasikia shomoro, akawaiga, wimbo ukaharibika. Nondo nimemwachia aende zake, Baba hata hakumwona. Baba anasema Ijumaa wazee wenzake wafuga chiriku waje wamsikie mdogo.

Jumanne, 16 Septemba
Mdogo ameanza kuimba. Mwanzo safi, katikati safi — mwishoni akalia kama nondo. Sawasawa kabisa. Merzak kaduwaa na kopo la mbegu mkononi. "Nyamaza, labda atasahau."

Ijumaa, 19 Septemba
Hakusahau.
Wazee walikuja na ndege wao, kahawa ikamiminwa, Baba akaondoa kitambaa. Mdogo akaimba mpaka mwisho, akalia ile sauti. Afadhali wangecheka. Haji Boualem alifunika tundu lake haraka, ndege wake asije akaiga, akaondoka kahawa ikiwa nusu. Wengine wakamfuata.
Baba akauliza, kaisikia wapi?
"Panya, Baba," alisema Merzak. Uongo mkavu! Nami nikanyamaza. Naona aibu hata kuandika.
Sasa Baba yuko stoo. Ametega mitego ya panya, kisha amekaa mbele ya mdogo, anampigia mluzi wimbo wa babu amfundishe upya. Meno ya mbele hana. Pumzi inamkatikia palepale mwishoni, inatoka filimbi nyembamba, mbaya. Mdogo ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini.
Ananiita.
"Binti yangu, njoo. Hapo mwisho nimepatia?"