Waziri Amevua Viatu

Kwako dada,

Huku tu wazima. Mama bado anagombana na televisheni kama mke mwenza, nami bado nashona viatu vya watu na kuvumilia ubishi wao.

Mwezi jana mdogo wetu Waziri alisimama bungeni kutetea mpango wa serikali wa kuuza uwanja wetu, ule uliomlea hadi Olimpiki. Hotuba alikuwa ameandikiwa. Kabla hajafungua kinywa, tukamwona kwenye televisheni amepungua kimo ghafla.

"Amevua viatu huyo," mama akasema. "Leo kuna mbio."

Unakumbuka, hata medali aliipata peku.

Akaikunja hotuba, akasema hatasimamia kuuzwa kwa uwanja aliokulia. Wabunge wakamuunga mkono, mpango ukaanguka. Jioni uwaziri wake nao ukaufuata.

Alifika nyumbani viatu mkononi. Mama akamuuliza lile swali lake la tangu utotoni: "Umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, mama. Wamenifukuza."

"Na uwanja?"

"Upo."

"Basi nawa ule, bingwa."

Viatu aliniachia nitengeneze kisigino. Nimemaliza zamani, nimevipaka rangi mpaka vinang'aa, hajaja kuvichukua. Kila asubuhi namwona kutoka kibandani kwangu, yuko uwanjani peku, anawafokea wasichana wa shule wainue magoti. Viatu nimevitundika mbele ya kibanda. Wateja wakiuliza ni vya nani, nawajibu. Na wasipouliza, nawajibu vilevile.

Nduguyo,
Fundi viatu