Mama Mkwe, Nimemfungua Yule Dume

Mama,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani, maana bila hiyo siwezi kuendelea. Umezoea kunisikia nikibisha. Leo sibishi, leo najigamba, na mtu wa kumtambia nilikuwa naye mmoja tu, kwa hiyo nivumilie huko uliko. Hujui yaliyotokea siku ya kuanua matanga yako. Ukoo mzima ulikuwepo uani pako isipokuwa wewe, na wewe ndiye ungeyafurahia kuliko wote.

Lakini acha nianze na tenga. Unalikumbuka? Siku ya harusi nilishuka kwenye gari pale Nyakahura nimelikumbatia kwa mikono miwili, gauni limejaa vumbi la njia nzima, na ndani mna njiwa wanne wa baba yangu kutoka Rulenge. Mabibi harusi wengine huja na vitenge na masufuria. Mimi nilikuja na ndege. Ukanitazama, ukalitazama tenga, ukamuuliza mwanao mbele ya wageni, "Wewe umeoa au umenunua mifugo?" Marehemu mume wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilitamani nirudi garini.

Baba alikuwa amenipa sharti moja. Njiwa waliozaliwa Rulenge wasifunguliwe kamwe. Njiwa mkubwa hasahau alikoanguliwa. Ukimwachia anapanda juu, anazunguka kidogo, anashika njia ya kwao. Wazazi wakae ndani ya wavu maisha yao yote wazae, na makinda watakaoanguliwa Nyakahura ndio waachiwe, kwa sababu kwao ni Nyakahura. Ndivyo baba alivyofuga tangu ujana wake. Nilikueleza haya yote tukichambua maharage, nikiona nimekueleza jambo la kitaalamu kabisa. Ukaweka ungo chini.

"Kwa hiyo watoto waluke, mama yao awatazame kwenye wavu?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa kwangu hapana. Ndege aluke."

Ulikuwa ukisema "aluke", mama, na mimi mwalimu wangu wa shule ya msingi alinichapa kwa kosa hilohilo. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "aruke" naona kama ndiye anayekosea.

Hivyo ndivyo vita vyetu vilivyoanza. Marehemu alijenga banda refu lenye wavu pande zote, akadhani ameleta amani, kumbe ameleta uwanja wa mapambano. Kila mgeni akifika ulimshika mkono ukampeleka kumwonyesha "wafungwa wa mkamwana wangu". Nami nikakujibu kwamba wakifunguliwa wakapotea, wewe ndiye utakayeona haya, maana hapa watu wanaamini njiwa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi. Wakihama tu, majirani wanaanza kuuliza nani kagombana na nani.

"Na ugomvi si upo," ukasema. "Ugomvi wa njiwa!"

Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Uliniambia huo ugali nitaula mwenyewe, na kweli niliula.

Makinda wa kwanza walipotoka, wewe ndiye uliyekuwa unapiga kopo la mtama wanashuka kutoka kwenye bati, mmoja anakutua begani, mwingine kichwani juu ya kilemba. Halafu unanitazama kwa maringo kana kwamba umewaatamia wewe. Wala sikukunyang'anya raha hiyo. Nilikuwa nakutazama kutoka jikoni na kusema moyoni, huyu mwanamke nimepewa na Mungu, ila angepunguza mdomo.

Wewe ndiye uliyegundua habari ya zamu. Mimi nimekulia kwenye njiwa na sikuwahi kuitilia maanani. Jike analala juu ya mayai usiku kucha, na umande ukishakauka asubuhi yule dume wa tenga, mwenye kiraka cheupe shingoni, anakuja, jike anampisha, dume anakaa mpaka jua lipungue. Haitwi, hakumbushwi. Ulikuwa unaacha jembe uje utazame. "Ona mwanaume huyo," ulisema. "Laiti baba mkwe wako, Mungu amrehemu, angekuwa njiwa, mgongo wangu usingekuwa hivi." Ukaanza na hoja mpya: tumfungue dume mayai yakiwa ndani na jike abaki, atarudi kwa sababu ana zamu.

"Na asiporudi, mama?"

"Asiporudi nitayalalia mimi hayo mayai."

Kisha mwanao akafa. Sitaki kuyaandika mengi ya hapo, tuliyalia pamoja yakatosha. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na watu hawakuchelewa kuanza kuuliza mjane kijana anakaa hapo kwa sababu gani. Uliwajibu ukiwa umesimama mlangoni: "Ataondoka nikishamchoka. Sijamchoka. Karibuni chai." Hakuna aliyeingia kunywa.

Lakini tangu wakati huo hukusema tena ndege aluke. Uliacha ghafla. Siku moja nikakukuta bandani unazungushia waya kwenye komeo la mlango, unaukaza kwa koleo. Wewe, mama! Wewe uliyenisumbua miaka yote hiyo! Hukugeuka kunitazama. Niliokota ufagio nikaendelea kufagia. Na kila nilipotaja kwenda Rulenge kumsalimia baba, mgongo wako ulianza kuuma. Nilijua. Ulijua kwamba najua. Basi sikwenda. Kuna siku nilikasirika nikaenda kulia shambani kwenye migomba, nisikufiche. Halafu nikirudi nakukuta umenichemshia maji ya kuoga, na hasira inakwisha kabla sijavua kanga. Nilikupenda, ndio ukweli wenyewe. Ningeweza kuondoka na sikutaka.

Ukatuacha. Na siku ya kuanua matanga, asubuhi kabla wanawake hawajamaliza kumenya ndizi, baba mdogo, shemeji yako, aliwaita wakubwa wa ukoo wakae mkekani wazungumze habari ya nyumba. Wifi Consolata, binti yako mkubwa, hakusubiri hata sala iishe vizuri.

"Mama hayupo, kaka hayupo, mtoto hakuna," alisema. "Wifi anabaki hapa kumtunza nani? Na mwenyewe anajua yeye si wa hapa. Mbona wale njiwa wake kawafungia? Awafungue, muone kama hawatakunywa maji Rulenge kabla chai yetu haijapoa."

Watu wakacheka. Baba mdogo akanigeukia, kwa upole wake uleule. "Mkwe wetu, una neno?"

Maneno nilikuwa nayo mengi, mama, unanijua. Lakini niliona nikifungua mdomo nitalia, na nikilia nimekwisha. Nikainuka nikaenda bandani. Wale wanne wa tenga walikuwa wamebaki wawili tu, yule dume na jike wake, na jike alikuwa kwenye mayai. Nikaanza kuufungua waya wako. Ulikuwa umeukaza kwelikweli! Nyuma yangu kicheko kilikuwa kimekoma.

Dume akatoka. Akakaa juu ya mlango, akasafisha unyoya mmoja, akarukia kwenye bati. Akapanda. Akazunguka juu ya nyumba yako, akazunguka tena, halafu akanyoosha upande wa magharibi, juu ya msitu, moja kwa moja kuelekea Ngara, iliko Rulenge. Tulimtazama mpaka akawa kama punje, halafu hakuna kitu.

"Hilooo!" Wifi akapiga makofi. "Si nilisema? Huyo kwao!"

Nikakaa chini pale pale penye banda. Baba mdogo akakohoa, akitaka kuendelea na kikao. Nikasema, "Baba mdogo, naomba tusubiri zamu yake ifike." Akauliza zamu gani. Ikabidi niwaeleze wanaume wazima, na kofia zao, habari za nani analalia mayai saa ngapi. Wengine walijifunika midomo. Baba mdogo hakucheka. Alisema, "Chai bado ipo. Tusubiri."

Mama, sijawahi kusubiri hivyo maishani. Vikombe vikagawiwa, vikakusanywa. Umande ukakauka kwenye majani ya maboga. Jike akasimama juu ya mayai, akayageuza kwa mdomo, akatazama mlangoni, akakaa tena. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, na kisu cha wifi ndicho kilichosikika zaidi. Nilianza kupanga moyoni nguo zangu nitazifunga kwenye nini.

Kivuli kikapita juu ya mkeka.

Alitua kwenye bati, kwenye mlango, akaingia ndani bila hata kututazama, utafikiri sisi ndio tuliochelewa. Jike akainuka akampisha. Akajishusha juu ya mayai taratibu, akajipanga manyoya, akatulia. Zamu yake.

Ungesikia vigelegele vile! Mama Yusufu jirani alitupa ndizi aliyokuwa anaimenya. Mimi nilicheza, mama. Mjane mzima, siku ya matanga, nilifunga kanga kiunoni nikacheza uani pako mpaka baba mdogo akaanza kupiga makofi ya mdundo. Akasema, "Mkwe yuko kwake. Leteni chakula." Wifi Consolata alisema "Mh." Kwa wifi, "mh" ni hotuba nzima. Jioni alipokuwa anaondoka alinishika mkono muda mrefu, akaniomba makinda wawili awapeleke kwake. Nimempa.

Sasa wote wanaruka, dume na jike pia. Waya wako niliutupa chooni. Kwa hiyo umeshinda, lakini usijivune sana, maana msimu wa kupanda maharage nawafungia siku chache ili Mama Yusufu asinipigie kelele kwamba wanafukua mbegu zake, na hilo ni wazo langu. Mwewe alichukua kinda mmoja, nililia. Hata hivyo asubuhi zinapendeza, wakipanda wote kwa pamoja kisha wakarudi kukwaruza bati lako.

Na nikuambie ninakokuandikia. Niko Rulenge. Ndiyo, Rulenge, sebuleni kwa baba. Nilipanda gari bila kumwomba mtu ruhusa wala kumwogopa mtu, nikabadili gari Benaco, nikafika baba akiwa nje anaanika kahawa. Amezeeka, macho hayamsaidii sana. Nilipomsimulia habari ya dume akasema, "Kumbe ndiye." Anasema asubuhi moja alitua njiwa mwenye kiraka cheupe kwenye banda lake la zamani, akanywa maji kwenye sufuria la kuku, akatembea kidogo kwenye mlango aliokuwa akitokea zamani, halafu akapaa kuelekea mashariki. Kwa macho yale, mama, aliona kiraka? Sijui. Baba anapenda kunogesha. Ila mimi nimeamua kumwamini, na hata wewe, ungebisha kidogo, kisha ungeamini.

Jana nililala kwenye chumba changu cha usichana. Nimekula matoke ya dada zangu, nimesali misheni, nimesalimiwa na kila mtu aliyenifahamu nikiwa mdogo. Nimefurahi mno. Leo baba kaniuliza, kwa kuzungukazunguka, kama sasa kwa kuwa hupo nitabaki. Nikamwambia nitakuja tena kabla ya mavuno na nitamletea ndizi za uani pako. Akaitikia kwa kichwa, akaniitia mtu wa kunishikia nafasi kwenye gari la alfajiri, halafu akageuza uso. Nikamwambia asilie. "Siondoki kwetu, baba, narudi kwangu."

Pumzika, mama.

Ni mimi, mkamwana wako