Kwa Nini Nimewekwa Getini

Kiwalani, Dar es Salaam

Mama Hadija, mke wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini goti lako limepata nafuu na mikorosho imeanza kutoa maua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina donge.

Kwenye simu nilikuambia kwamba kazi inaendelea vizuri. Sikusema kweli, kwa kuwa wenzangu walikuwa karibu wakisikiliza. Mimi si msimamizi wa usafi tena katika kile kiwanda cha maziwa. Nimewekwa getini.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna anayejaza maziwa ya mgando bila kunawa, na kwamba anayeharisha anarudi nyumbani. Lakini pale, anayerudi nyumbani halipwi siku hiyo. Kwa hiyo watu walijifunza kuugua kwa siri.

Juma lililopita nilimwona Mama Salma, mjane anayejaza pakiti, akikimbilia chooni kila mara. Nilimwambia avue aproni aende kupumzika.

"Baba, mie nimekula tu pilipili nyingi jana."

"Pilipili haimfanyi mtu atembee akishikilia ukuta."

Wenzake walicheka. Mmoja akadakia, "Baba Hadija, wewe ulifaa kuwa askari wa gereza la Segerea, hapa umepotea njia."

Nilikwenda kwa meneja. Nilimwomba amlipe yule mama siku yake, na maziwa aliyoyajaza asubuhi yamwagwe. Alinisikiliza huku akichezea simu.

"Mzee, oda ya shule inaondoka mchana. Nikimwaga, nyie nitawalipa nini?"

"Watakaokunywa ni watoto."

"Mgando una uchachu wake, mzee. Wadudu hawaishi humo."

Akamrudisha Mama Salma mezani mbele yangu. Gari lilipopakiwa nilisimama mlangoni pake, nikakataa kuondoka. Dereva alinisogeza kwa adabu, kama anayesogeza kiti. Kesho yake nilikabidhiwa filimbi na kofia ya mlinzi.

Sijui kama kuna mtoto aliyeumwa. Mtoto akiharisha, mzazi hulaumu maji au maembe. Tangu niondolewe, harudishwi mtu nyumbani, na wenzangu wamefurahi. Wananilaumu mimi niliyewakosesha ugali, si yule aliyekataa kuwalipa. Mama Salma hupita mbele yangu kila asubuhi bila kuniamkia.

Oda ya pili inaandaliwa kwa shule ileile. Nimekwisha kuamua: nitamfuata mwalimu mkuu nimweleze nilichokiona, kwa jina langu. Kazi nitaikosa, na mchango wa kuezeka nyumba yetu utakoma. Kwa hilo nakuomba radhi.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwanetu Hadija na mumewe, na shemeji yangu mchonga vinyago. Waambie kwamba nawakumbuka.

Usinipigie simu kunizuia. Barua hii itakapokufikia, nitakuwa nimekwisha kwenda.

Mumeo,
Baba Hadija