Luga ya Kupitia Bariyeri

Jumanne, nimeisha kufunga mulango

Na eti wamefundishwa! Hawa polisi wa bariyeri ya barabarani walipewa formation, wakaambiwa wasisimamishe mutu juu ya sura yake. Leo nimeona matunda yake.

Nilikuwa natoka soko na Aline, binti yangu, tunarudi nyumbani Murara. Polisi mumoja akatusimamisha, akaangalia pua zetu nyembamba, zile wanasemaka ni za Wanyarwanda.

"Mama, usikasirike. Siku hizi hatuangalie sura. Tunauliza tu: nyumbani munasemaka luga gani?"

Mimi ni Munande wa Butembo. Nikamujibu Kinande, kwa hasira. Uso wake ukafunguka.

"Pole, mama yetu. Pita."

Halafu akamugeukia Aline. "Na wewe, nisalimie Kinande."

Aline akaniangalia; Kinande hakijui. Baba yake ni mutu wa Rutshuru, na nyumbani tunasema Kinyarwanda na Kiswahili. Mimi mwenyewe nilitaka hivyo, ili mama mukwe wangu asikilizane na mujukuu wake.

"Huyu ni wako kweli?" polisi akaniuliza.

Nilimuzaa mimi, na nikabaki kumulilia mutu wa bunduki aniachilie mutoto! Walituacha kwenye benchi mpaka jua likashuka, ndipo wakatuachilia.

Na Baba Aline, ambaye Kinyarwanda ni luga yake? Yeye pua yake haina shida. Hawajamusimamisha hata siku moja.

Sasa namusikia Aline kitandani, anarudilia salamu za Kinande nilizomufundisha leo. Miaka yote nilitamani aniombe luga yangu.

Ameniomba leo, juu ya woga.