Mchumba Kaahirisha Harusi kwa Kilatini

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi ni fundi cherehani na mchumba wangu ni karani wa mahakama, mtu wa maneno mazito, hata chai akiiomba utadhani anasoma hukumu, na miezi mitano iliyopita aliniandikia kwamba harusi yetu imeahirishwa "sine die", nami nikadhani ni maneno matamu ya kufungia barua, kama vile "wako daima", basi nikayapenda mpaka nikayatarizi kwenye vitambaa vya mkono arobaini vya kuwagawia wageni, huku nasubiri aniambie tarehe. Juzi nampima kiuno mteja wangu, katibu wa wakili, akakiona kitambaa kimoja, akashtuka: "Dada, umeandika nini hapa? Hii maana yake bila siku!" Mshauri, tepu ilinidondoka. Lakini kilichonimaliza ni kwamba mwezi uliopita mchumba wangu mwenyewe alikuja dukani, akashika kitambaa, akasoma, akasema, "Una mkono mzuri," akaondoka zake. Shangazi ameshaalika watu. Nimuulize, au nitaonekana mshamba?

Fundi Niliyeduwaa

Fundi wangu, pole. Hata mimi nimeduwaa, barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Mteja wako kasema kweli. Ni Kilatini: "sine" ni bila, "die" ni siku. Waingereza waliyachukua hivyo hivyo, na mpaka leo baraza au mahakama ikivunja kikao bila kupanga tarehe ya kurudi, ndiyo husemwa. Ila husemwa mbele ya watu wanaoyaelewa. Mchumba wako kakuandikia wewe, akijua huyaelewi. Na wewe nawe! Miezi mitano unatarizi maneno usiyoyajua, hukuuliza hata mtu mmoja? Hapo nakugombeza.

Barua pengine ningemsamehe, tuseme ni mazoea ya kazi. Lakini kushika kile kitambaa, akasoma, akakusifu mkono! Ana roho gani huyu?

Futa machozi. Leo hii mwite nyumbani kwa shangazi yako, akae kitako, umuulize kwa Kiswahili: "Tunaoana lini?" Usikubali "tutaona", usikubali "mambo yakikaa sawa". Unataka siku na mwezi. Akishindwa kutaja siku, itaje wewe: mmeachana leo, na shangazi aanze kuwapigia wageni simu huyo bwana akiwa bado anavaa viatu.