Mashini Isizimwe, Kaku Anangoja Mbuzi

Mama Falonne,

Mupumbavu wa leo ni mimi, usimutafute mbali. Ile kompyuta juu ya kabati usiizime, usiifunge, wala usiifunike na kitambaa chako cha maua. Asubuhi nikienda misa niliifunga, nikifikiri video ya mahari ya Falonne imeisha kupanda kwenye internet. Kurudi, Gael ananipigia kutoka Dilolo, anacheka: “Papa, hii programu haina depo katikati! Video inatoka kwako, inaingia kwangu moja kwa moja.” Kumbe ni kama kwenye shimo la madini kule Mutoshi: wa chini akienda kulala, wa juu anavuta kamba tupu. Sasa nimeiwasha tena, inatuma.

Na kaku, mama yako, unamujua: hatabariki ndoa ya kesho mpaka aone kwa macho yake wajomba wakipokea mbuzi yao. Amekaa mbele ya mashini ya Gael, hataki hata chai.

Nimeenda kutafuta petroli ya jenereta, courant isije ikakatika ikatuchekesha. ~~Nitakula kwa Gaston.~~ Uniwekee chakula, bukari na mboga ya sombe.

Lakini nani alinifundisha kuzima kila kitu nikitoka? Si wewe?

Tata Falonne

*(Chini yake, kwa kalamu ya bic nyekundu:)*

Tata Falonne, miaka yote ninakuambia uzime taa, haunisikii. Siku ya kunitii ukachagua leo?