Shangazi, Mume Wangu Amelala Juu ya Mawe

Mpendwa shangazi yangu,

Nimeolewa! Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa. Kwa kuwa hukuwepo, nimewaambia watu wote wa Buswelu, na bado naona kama sijamwambia mtu. Anaitwa Idrisa. Ana duka la vitasa na bawaba mjini, aliloachiwa na baba yake, na akicheka mabega hutangulia mdomo. Nampenda mpaka naona aibu. Juzi nilimwangalia akimenya chungwa nikasahau nilichokuwa nasema.

Kwenye kichenpati yangu, siku ya kufundwa, mahali pako alikaa mama mdogo. Alinifundisha mengi mazuri, halafu akasema mbele ya wanawake wote: "Na ile tabia ya kushika njia kwenda kulala kwenye mawe, iishe leo. Unajua ilivyomponza shangazi yako." Wanawake wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya kitenge kama inavyotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeuona uso wangu.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Ulifunga meza yako ya vitenge sokoni, ukatia unga, dagaa na sufuria ndani ya begi, ukaniambia, "Vaa viatu vilivyokwisha kukuuma." Tukapita katikati ya mawe ya Ilemela, tukashuka ziwani, tukafuata ukingo kuelekea Kayenze. Nikakuuliza, "Shangazi, tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Tunakwenda."

Jioni ulipiga hodi kwenye kaya ya karibu, ukasalimia, ukaomba tulale juu ya mawe yao ili wasije wakatushtukia. Ulitandika turubai kwenye jiwe ambalo lilikuwa bado na joto la jua, na nililisikia likipanda mgongoni kama mkono wa mtu. Pimbi walitoka kututazama. Nyumbani nilikuwa mtoto wa fulani, shuleni nilikuwa namba kwenye matokeo. Pale juu ya jiwe nilikuwa mimi tu, na ziwa halikuuliza nilipata alama gani.

Watu walisema ndoa yako ilivunjwa na miguu yako. Nilipokuwa kidato cha nne nilipata ujasiri wa kukuuliza. Ulikuwa unakoroga uji, hukuinua macho. "Hakuniacha kwa sababu nilikuwa naondoka," ulisema. "Aliniacha kwa sababu nilikuwa narudi nimefurahi."

Sentensi hiyo niliingia nayo kwenye ndoa, shangazi. Usiniulize kama nililala vizuri wiki ya harusi.

Basi Idrisa aliponiuliza tukale fungate hoteli gani, nikafumba macho nikamwambia ukweli: nataka kutembea na wewe, na tulale nje. Akauliza, "Nje nje?" "Nje nje." Akaenda kununua hema. Alinunua na viatu vipya, vyeupe, vya kupendeza kabisa! Tulipofika nusu ya njia alikuwa na malengelenge miguu yote miwili na anatembea kama bata, lakini kila nikimtazama ananiambia, "Niko sawa, mke wangu." Hilo neno "mke wangu"! Ningetembea mpaka Musoma kwa kulisikia.

Jua lilipoanza kushuka, akaona mahali. Uwanja mdogo kando ya matete, nyasi fupi na laini kama zulia. "Hapa," akasema, "Mungu ametutandikia." Nami, uliyenifundisha kusoma kila alama ya ufukweni, sikusoma kitu. Nilikuwa nasoma uso wake. Tukasimamisha hema, tukawa tunatafuta nyumba ya kupiga hodi, mara mama mmoja akaja na ndoo ya kuchota maji. Akasimama.

"Nyie watoto! Hapo mnajua ni kwa nani?"

"Shikamoo, mama," Idrisa akasema. "Tulikuwa tunamtafuta mwenyewe tumwombe."

"Marahaba. Mwenyewe yumo majini humo. Hizo nyasi hazikufyekwa na mtu, ni kiboko huyo. Jua likizama anatoka kula."

Shangazi, hukuwahi kuona hema likihama hivyo. Idrisa hakungoja kulikunja. Aling'oa vigingi, akalibeba kichwani likiwa limesimama wima, na yale malengelenge yake yote, akapanda mlima wa mawe mbio. Yule mama alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Alipojua sisi ni maharusi, kicheko kikaisha. "Bi harusi alale nje kama fisi? Watu wataniambiaje? Njooni kwangu, kitanda kipo, na godoro lake."

Nilijua mume wangu anakitaka kile kitanda. Nilikuwa nimeiona miguu yake. Nilitaka ajibu yeye. Akanitazama, akayatazama mawe, akasema, "Tunashukuru sana, mama. Tuazime mawe yako tu."

Mama akatikisa kichwa. "Sawa. Lakini mtakula kwangu, hilo siwaulizi." Tukala ugali na sato. "Wabeja," tukashukuru, tukapanda kulala.

Furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Nilijiuliza: amefanya kwa ajili yangu, na kwa ajili yangu mtu anaweza kuvumilia mara moja, mara mbili, halafu?

Kulipokucha hakuwepo pembeni yangu. Nilitoka. Alikuwa ameshaswali, mkeka mdogo umekunjwa. Kisha nikamwona chini kabisa, peku, viatu vyeupe mkononi, akitembea ukingoni, polepole. Hakuwa ananitafuta. Alisimama kumtazama ndege mmoja kwa muda mrefu, akaendelea, akapotea nyuma ya jabali.

Nikataka kumwita. Kulikuwa na kijiwivu kidogo, sikufichi, cha mtu aliyeachwa nje ya furaha ya mwingine. Ndipo nikamwelewa yule aliyekuwa mume wako, na hapo hapo nikaona ni jambo dogo kiasi gani lililomshinda. Nikakaa. Nikawasha moto wa chai.

Alirudi chai ikiwa imepoa, suruali imelowa hadi magotini, uso wake sijauona ukiwa hivyo hata siku ya harusi. "Nilitaka nikuamshe," akasema, "halafu nikaona niende kwanza mwenyewe. Umekasirika?"

"Kaa hapa unisimulie."

Akasimulia! Kenge, ndege, mawe yaliyobebana, jinsi alivyomkumbuka baba yake bila kulia. Alisimulia kama mtoto, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.

Sasa tuko nyumbani, shangazi. Leo ni zamu yangu kutembea peke yangu. Yeye yuko dukani, amenifungia chapati kwenye gazeti kabla ya kuondoka, anataka nikirudi nimweleze kila kitu. Mama mdogo ameshasikia na ananuna. Mwache anune. Pumzika kwa amani, mpenzi wangu. Mimi natoka kidogo.

Mwanao wa kwa kaka,
mke wa Idrisa